Ukuta Uliotoka Jasho

Mama Hamira alikuwa mtu wa alfajiri. Majirani walipokuwa wakijigeuza kitandani, yeye alikuwa amekwisha kukanda unga, kuufunika kwa kitambaa na kuuacha uumuke. Mumewe alishika tanuri. Watu walimwita Baba Tanuri, naye alilipenda jina hilo. Moto ulikuwa umemla vinyweleo vyote vya mikononi, na alisema hajawahi kukosa joto hata siku ya baridi kali.

Duka lao la mikate lilikuwa katika Ghala Kuu. Hilo lilikuwa jengo la kale kuliko yote mjini. Lilijengwa kwa mawe, zamani, ili kuhifadhi pamba. Biashara ya pamba ilipokufa, ghala lilifungwa. Kwa miaka mingi wapangaji wake walikuwa popo. Kisha watu kadhaa wa mji wakaungana na mjenzi mmoja. Wakatengeneza paa, wakaweka ngazi mpya, wakagawa vyumba. Chini yakawa maduka, juu yakawa makazi. Kila familia ilinunua sehemu yake. Baba Tanuri na mkewe walinunua duka la pembeni na vyumba viwili ghorofa ya tatu.

"Chini tunatafuta tonge, juu tunatafuta usingizi," Baba Tanuri alipenda kuwaambia wateja.

Nyuma ya duka kulikuwa na stoo ya unga. Stoo hiyo ilikuwa na giza, na mlango wake mdogo ulitokea uani. Kati ya duka na stoo ulisimama ukuta mnene, mnene hata mtu angeweza kulala juu yake bila kuanguka. Baba Tanuri alikuwa mtu wa usafi. Kabla hawajafungua duka, aliupiga ukuta huo lipu ya sementi pande zote mbili, juu yake rangi ya mafuta. Ukang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Mvua zikaja. Ukuta ukaanza kutoka jasho.

Mwanzoni yalikuwa matone machache karibu na sakafu. Mama Hamira aliyafuta kwa tambara. Kesho yake yalirudi, na wenzao. Rangi ikavimba kama unga uliotiwa hamira, kisha ikabanduka vipande vipande. Nyuma yake kukatokea ukungu mweusi. Harufu ya stoo ikawa ya viatu vilivyolowa. Unga ukaanza kushikana mabonge ndani ya magunia, na mara mbili walilazimika kuumwaga.

Hayo wangeyavumilia. Lakini kitinda mimba wao, msichana wa darasa la pili, kila akitoka shule alikaa stoo kumsubiri mama yake. Huko alifanya kazi za shule, huko alisinzia. Akaanza kukohoa. Kikohozi kilikuwa kikavu, cha kuvuta pumzi kwa mlio. Walimpeleka hospitali. Muuguzi aliuliza maswali mengi kuhusu nyumba. Aliposikia habari ya ukungu, akamwambia Mama Hamira kwamba dawa atapewa, lakini dawa haiwezi kushinda chumba. Mtoto asikae tena mahali pale.

Siku hiyo Baba Tanuri alikata shauri. Ukuta utavunjwa. Vyumba viwili vitakuwa kimoja, hewa itapita, mwanga utaingia, na duka litapata nafasi. Mama Hamira alimuuliza kama si vizuri kwanza kumtafuta mtu ajuaye majengo. Mumewe akamjibu kwamba ukuta ni wao, wameununua, na mwenye mali haulizwi. Mama Hamira alirudi kukanda unga. Moyo haukutulia, lakini kila akisikia kile kikohozi, naye alitaka ukuta ule uondoke hata kwa meno.

Wavunjaji walikuja na nyundo kubwa. Pigo la kwanza likatoa mlio mzito, kama ngoma iliyopigwa chini ya ardhi. Kipande cha lipu kikaanguka. Pigo la pili likashusha vumbi kutoka darini. Kabla ya pigo la tatu, mtu alisimama mlangoni akiwa amevaa kandambili za ndani na kanga begani.

Alikuwa jirani yao wa ghorofa ya pili, juu ya duka hasa. Mama huyu alikuwa mhandisi wa majengo, na kazi yake ilikuwa kukarabati majengo ya kale katika miji mbalimbali. Majirani walimwita Bi Timazi, kwa sababu mkobani mwake hamkukosa timazi, ule uzi wenye kibonge cha chuma ambao mafundi hupimia ukuta kama umesimama wima.

"Baba, naomba hiyo nyundo ipumzike kidogo," alisema kwa upole. "Kikombe changu cha chai kimetembea peke yake mezani."

Baba Tanuri akaanza kueleza, lakini Bi Timazi alikuwa amemshika Mama Hamira mkono. Akamwomba wapande wote wawili. Chumbani kwake akamwonyesha ukuta mmoja, akamwambia auguse. Mama Hamira akaweka kiganja. Jiwe lilikuwa la baridi.

"Huu ndio ule ule wa dukani kwako," Bi Timazi akasema. "Sasa tazama juu."

Mama Hamira akatazama. Boriti za dari, nene kama mapaja ya ng'ombe, zilikuwa zimepangwa moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa imeingiza kichwa chake ndani ya ukuta huo. Wakapanda tena, hadi vyumba vyake mwenyewe. Ukuta ulikuwepo pale pia. Kila usiku alilala kitanda kikiwa kimeuegemea, wala hakuwahi kuujua. Wakapanda hadi chini ya paa, alikoishi mwalimu mstaafu na wajukuu zake. Ukuta ulikuwepo. Hapo juu ulipokea miti ya paa na kuishika kama mtu aliyebeba mzigo kwa mikono miwili.

Mama Hamira aligeuka, akatazama ngazi walizopanda. Aliwaza vitanda vyote, makabati, majiko, mapipa ya maji, watoto wanaorukaruka. Vyote hivyo vilikuwa vimekaa juu ya ukuta ule, na yeye alitaka uondoke hata kwa meno.

"Wote tuko mgongoni mwake," alisema polepole.

"Wote," Bi Timazi akajibu.

Waliporudi chini, Baba Tanuri alikuwa amekunja uso. Bi Timazi alimweleza bila kumfokea. Katika jengo kama hili, alisema, mtu hununua nafasi iliyo ndani ya vyumba vyake. Kuta zinazobeba, paa, ngazi na msingi ni mali ya wenye jengo wote. Hakuna anayeruhusiwa kuzigusa mpaka mhandisi azikague, majirani wakubaliane, na halmashauri ya mji itoe kibali.

Baba Tanuri alisikiliza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mwanangu aendelee kukohoa?"

 Bi Timazi akavuta kigoda, akakaa.

"Hapana," alisema. "Ukuta huu unaumwa, baba. Mgonjwa hatumvunji. Tunamtibu."

Akawaeleza kwamba mafundi wa zamani waliunganisha mawe haya kwa chokaa. Ukuta wa chokaa hupumua. Mvua ikinyesha, hunywa maji kidogo. Jua likitoka, huyatema. Ndivyo ulivyoishi miaka yote hiyo. Sementi na rangi ya mafuta zimeufunga pumzi. Maji yanaingia kutoka ardhini na hayana pa kutokea.

"Umemvalisha mtu koti la plastiki, kisha ukampa jembe alime juani," alisema. "Usishangae akitoka jasho."

"Lakini kulikuwa na nyufa," Baba Tanuri akajitetea. "Na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Walisema uuzibe. Hawakusema kwa sementi."

Baba Tanuri alijaribu kujizuia, ikashindikana, akacheka. Wavunjaji wakalipwa nauli na kuagwa.

Tiba ilianza wiki iliyofuata. Bi Timazi alimleta fundi wa chokaa, mzoefu wa majengo ya mawe. Fundi aliwaonyesha jinsi ya kubandua sementi kwa patasi na nyundo ndogo, polepole, bila kuliumiza jiwe. Mikate ilipokwisha kutoka tanurini, Mama Hamira alifunga kitambaa puani na kushika patasi yake. Kazi ilikuwa ya kuchosha, lakini iliupendeza moyo. Kila kipande kilipoanguka, jiwe lilitokea, na baada ya siku chache lilibadilika rangi, likakauka.

Alasiri moja alikuwa akibandua upande wa juu kidogo ya kichwa chake. Aliona kitu cha ajabu. Mawe mengine yote yalikuwa yamelala. Haya yalikuwa yamesimama, yamebanana bega kwa bega, na yalipanda kwa mkunjo. Akabandua zaidi. Mkunjo ukaendelea. Akaita watu.

Bi Timazi alikuja, akatazama. Akafuata mkunjo kwa kidole kutoka kushoto, kupanda juu, hadi kushuka kulia. Lilikuwa tao, pana kuliko mlango wa barabarani, limejificha ndani ya ukuta kama mbegu ndani ya tunda. Katikati yake kulikuwa na matofali membamba yaliyopangwa ovyo.

"Hapa palikuwa na lango," alisema mwishowe. "Mikokoteni ya pamba ilipita hapa. Baadaye mtu akaliziba."

Kisha akawaonyesha alama ya nyundo ya siku ile. Nyundo ilikuwa imepiga karibu kabisa na mguu wa tao, mahali ambapo uzito wote wa ghorofa za juu ulishukia kwenda ardhini. Wavunjaji wangeendelea kupiga pale, tao lingepoteza mguu. Baba Tanuri alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya gunia la unga. 

Mama Hamira alikuwa bado ameukaribia ukuta. Katika chokaa kati ya mawe mawili ya tao aliona vishimo vinne, vimepangwa sawasawa. Akavipuliza vumbi. Zilikuwa alama za vidole. Fundi fulani, asiyejulikana tena na mtu yeyote, alikuwa ameibonyeza chokaa ikiwa mbichi, kama yeye alivyobonyeza unga kila alfajiri kuona kama umeumuka. Akaingiza vidole vyake. Viliingia vyote.

Alisimama hivyo, mkono wake ndani ya mkono wa marehemu, na mwili ukamsisimka. Mtu yule alikufa bila kujua popo watakuja na kuondoka, bila kujua juu ya tao lake watalala watoto wa watu. Lakini kazi yake ilikuwa haijachoka.

Safari hii Baba Tanuri hakukimbilia nyundo. Aliwaita majirani wote, wakakutana kwenye ngazi. Bi Timazi alichora mchoro. Mwalimu mstaafu aliuliza mara tatu kama wajukuu wake watakuwa salama, na mara zote tatu akajibiwa kwa utulivu. Mkaguzi wa halmashauri alikuja, akapima, akagonga, akasikiliza. Alikubali kwamba matofali yaliyozibia hayakubeba chochote. Yangeweza kutolewa, kwa masharti: mafundi walitegemeze tao kwa mbao nene, na waanze juu kwenda chini, tofali moja moja, kwa mkono.

Siku ya kazi, duka lilifungwa. Majirani walikusanyika barabarani. Fundi wa chokaa alitoa tofali la kwanza, akampa Baba Tanuri, naye akampa mkewe, likapita mkono kwa mkono hadi nje. Kisha la pili. Mama Hamira alikuwa amefungua ule mlango mdogo wa uani. Shimo lilipofika ukubwa wa dirisha, upepo ukapita. Ulitoka barabarani, ukavuka duka, ukapita chini ya tao, ukavuka stoo na kutokea uani, ukibeba vumbi la miaka. Nyuma ya upepo ukaja mwanga. Stoo iliyokuwa na giza tangu zamani za wazee ikaonekana yote, hadi pembe zake.

 Tao lilisimama pale, jeupe na kijivu, zuri kiasi cha kumfanya mtu avue kofia. Baba Tanuri alivua yake. Kitinda mimba alipita chini yake taratibu, kichwa juu, kama mtu aliyeingia kwa wakubwa.

Ukuta ukapigwa lipu ya chokaa na kupakwa chokaa nyeupe. Meza za mikate zikapangwa pande zote mbili za tao. Wateja walizoea kuingia wakipiga kelele za bei. Sasa waliingia, wakatazama juu, wakashusha sauti, halafu wakanunua mkate mmoja zaidi. Unga haukushikana tena. Kikohozi cha mtoto kilipungua wiki hadi wiki, mpaka siku moja Mama Hamira akagundua kwamba hajakisikia kwa muda mrefu.

Muuza viatu wa duka la tatu alikuja kuuliza. Naye alitaka kuvunja ukuta wake, aweke dirisha kubwa la maonyesho. Baba Tanuri alimkatia mkate wa moto, akamwambia, "Kabla hujagonga ukuta, ndugu yangu, gonga mlango wa jirani." Kisha akampandisha ngazi mwenyewe hadi kwa Bi Timazi.

Mvua zilizofuata zilikuwa kubwa kuliko za kwanza. Asubuhi moja Mama Hamira alisimama chini ya tao na kugusa ukuta. Ulikuwa na ubaridi, na rangi yake imekolea kidogo. Haukutoa tone. Juu yake alisikia kitanda kikivutwa, maji yakimiminwa ndooni, wajukuu wa mwalimu wakishuka ngazi mbio kwenda shule. Jengo zima lilikuwa likiamka. Mchana jua likatoka, na ilipofika alasiri ukuta ulikuwa mweupe tena, mkavu kama mkate uliotoka tanurini.