Thelathini na Sita Nukta Sita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nelvine aliwasha moto, akachemsha chai ya maziwa na kumpelekea mama yake kikombe. Mama akishamaliza, Nelvine alimwekea kipimajoto chini ya ulimi na kungoja kilie. Nambari iliyotokea aliiandika kwenye daftari la bluu. Jioni akitoka shule alifanya vivyo hivyo.

Daftari hilo lilitoka kwa watafiti wa hospitali moja mjini Kericho. Mama yake, Phyllis, alikuwa na saratani ya damu. Alikuwa amedungwa chanjo ya korona mara tatu, kama watu wengine wa kijiji chao cha Roret, lakini damu yake ilipopimwa haikuonekana kinga hata kidogo. Ugonjwa na dawa zake vilikuwa vimeuchosha mwili hadi ukashindwa kujitengenezea kinga. Watafiti walikuwa wanajaribu chanjo mpya kwa ajili ya watu wenye saratani, wakamwomba awe mmoja wao. Mama aliomba Mungu kwa wiki mbili, kisha akakubali. Baada ya kudungwa, joto lake lilipaswa kuandikwa kwa siku ishirini na nane, na likizidi thelathini na nane, hospitali ipigiwe simu mara moja.

Muuguzi wa utafiti huo, kijana aliyeitwa Sagini, aliwaeleza kila kitu polepole. Mwisho akasema, "Na kabla ya kupimwa, kwa nusu saa nzima, mgonjwa asinywe kinywaji cha moto."

Mama aliinamisha macho. Yeye alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Walipokuwa wanarudi nyumbani alimlalamikia Senge Dorine, shangazi yake Nelvine, kwamba kijana yule amemwona kama mtu wa pombe. Senge alicheka mpaka akajifuta machozi. Alisema siku hizi hospitali humwambia kila mtu hivyo, hata askofu. Katika nyumba yao, kinywaji cha moto kilikuwa pombe inayopikwa kwa kujificha kule mtoni. Chai ilikuwa chai tu.

Siku ya pili baada ya chanjo, kipimajoto kilisoma thelathini na nane nukta nne. Nelvine akapiga simu. Sagini aliuliza kama mama amekunywa kinywaji cha moto.

"Hapana," Nelvine akasema, amekasirika kidogo. "Mama hanywi."

Gari la hospitali lilikuja kuwachukua. Walipofika Kericho joto lilikuwa thelathini na sita nukta sita. Mama alitolewa damu, wakakaa kwenye benchi mpaka saa tisa, wakarudishwa nyumbani. Nelvine alikosa mtihani wa hesabu. Siku tatu baadaye mambo yakawa yale yale: homa nyumbani asubuhi, hospitalini hakuna homa, damu ikatolewa tena. Mikono ya mama ilikuwa imebaki na alama nyeusi za sindano. Safari hiyo daktari mkuu wa utafiti hakutabasamu. Alisema homa hizi zisizo na maelezo zikiendelea, huenda watalazimika kumwondoa mama kwenye utafiti.

Nelvine alirudi amechoka na kila kitu. Alichoka na madirisha yaliyokaa wazi hata baridi ya mashamba ya majani chai ikiingia. Alichoka kuwaambia wageni wakae nje. Barakoa ndiyo iliyomchosha zaidi, maana aliivaa darasani peke yake ili asimpelekee mama ugonjwa. Calvince, aliyekaa dawati la nyuma, hakumwacha apumue.

"Nelvine, kwenu bado ni ile miaka ya korona?" aliuliza. "Tukija tubebe maji ya kunawa?"

Darasa likacheka. Nelvine aliinama juu ya kitabu chake.

Jioni hiyo alimwekea mama kipimajoto, akakitoa kabla hakijalia. Mama alikuwa amefumba macho. Nelvine aliandika 36.6, ile nambari ya hospitalini. Asubuhi akaandika 36.6 tena. Hakuna aliyepiga simu, wala gari halikuja. Siku saba zikapita hivyo, asubuhi na jioni, na Nelvine akajiambia kwamba anamlinda mama asiondolewe.

Jumamosi alipeleka chai kama kawaida.

"Iweke hapo," mama akasema, na hakuigusa.

Nelvine alisimama akimtazama. Mama hakuwa amewahi kukataa chai, hata siku ya mazishi ya babake Nelvine. Alimshika mkono akauona una moto. Safari hii alikiacha kipimajoto mpaka kikalia. Kilisoma thelathini na nane nukta tisa. Aliufunua ukurasa wa daftari, zile nambari zikamtazama kwa mstari mmoja ulionyooka. Akachukua simu ya mama.

"Imeanza lini?" Sagini akauliza.

Ingekuwa rahisi kusema ni leo. Midomo yake ilikuwa tayari imefunguka.

"Nelvine, uko?"

"Niko. Sijui imeanza lini."

"Daftari linasema nini?"

"Linasema thelathini na sita nukta sita. Lakini ni mimi nilisema. Kipimajoto hakikusema."

Sagini alianza kuongea haraka. "Leo amekunywa chai?"

"Amekataa."

"Na siku zile za homa?"

"Alikunywa kwanza, ndipo nikampima. Kila siku ni hivyo, ila siku nyingine huinywa ikiwa imepoa."

"Si niliwaambia asinywe kinywaji cha moto?"

"Lakini mama hanywi pombe, daktari."

Sagini akasema gari linakuja, mama apewe maji, na daftari libebwe vile lilivyo, bila kufutwa kitu.

Hospitalini waligundua mama ana nimonia. Haikuwa korona. Kwa mtu wa saratani ya damu, daktari alisema, siku mbili zaidi nyumbani zingeweza kuwa za mwisho. Dawa zilianza kuingia kwa mshipa kabla ya saa sita mchana. Senge Dorine alimwambia Nelvine maneno makali pale kwenye veranda, kwamba ameaibisha ukoo mzima. Mama hakumgombeza, na hilo ndilo lililouma zaidi. Siku ya tatu, alipopata nguvu ya kukaa, aliliomba daftari na kulitazama kwa muda.

"Nilikubali kudungwa ili mwenye ugonjwa kama wangu ajue kama hii chanjo itamsaidia," akasema. "Sasa kwa siku hizi saba atajua nini?"

Nelvine alilia. Sagini alikuwa amesimama kando ya kitanda. Alivuta kiti akaketi ili macho yao yalingane.

"Mimi nilikosea neno," akasema. "Nilipaswa kusema chai. Kwa kosa langu mama yako alidungwa sindano mbili za bure, na nimemwomba msamaha. Lakini tazama." Aliweka kidole kwenye zile thelathini na nane za mwanzo. "Hizi ni za chai, ila ulizisoma kweli. Tumejua zilitoka wapi, tumeziandikia maelezo, na mama anabaki kwenye utafiti. Kosa la kweli linarekebishika. Hizi za thelathini na sita hazikutoka kwa mtu yeyote. Siwezi kuzirekebisha. Nambari unayoandika hapa inasafiri, Nelvine. Inafika kwa mgonjwa usiyemjua, na yeye anaiamini. Ukiogopa nambari, niambie unaogopa. Usiibadilishe."

Hawakufuta chochote. Nelvine alichora mstari mmoja juu ya kila nambari ya uongo, akaandika pembeni "haikupimwa," na jina lake. Ilimchukua muda, maana zilikuwa kumi na tano. Aliuliza kama chanjo yenyewe imefanya kazi mwilini mwa mama. Sagini alisema bado hawajui, damu itapimwa mwezi ujao, na wapo wagonjwa wengine wengi wa kungojea.

Mama alimrudishia daftari. "Saa ya jioni imefika," akasema. "Nipime."

Senge alitaka kuchukua kazi hiyo, lakini mama alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Nelvine aliuliza kama kuna chochote cha moto alichokunywa kwa nusu saa iliyopita, hata chai, hata uji. Hakuna. Akaweka kipimajoto, akangoja mpaka kikalia. Kilisoma thelathini na saba nukta tisa.

Nelvine hakuipenda nambari hiyo. Akaiandika.