Mama Apanda Greda

Wakati wa likizo ya shule, msichana Abbo alimpelekea mama yake chakula kila mchana kwenye barabara iliyokuwa ikijengwa karibu na Iyolwa. Mama yake, Juliet, alikuwa na leseni ya kuendesha greda, ile mashine kubwa ya kusawazisha barabara. Hata hivyo, kazi aliyopewa ilikuwa kushika bendera na kusimamisha magari.

"Greda ni ya wanaume," alisema Ecodu, msimamizi wa kazi. Abbo naye aliamini hivyo.

Siku moja alimkuta mwanamke Mchina akiwapa wanaume maagizo, nao wakimsikiliza. Alikuwa Injinia Lin, mkuu mpya wa kazi ile, aliyefika wiki hiyo. Lin alipokuja kivulini kunywa maji, Abbo alijikaza akamuuliza, "Madam, kwenu China wanawake wanakubaliwa kufanya kazi hii?"

"Si kila mahali," Lin alijibu. "Nilipoomba kazi niliambiwa wanataka wanaume tu. Kwingine waliniuliza nitaolewa lini, nitazaa lini. Wanaume hawakuulizwa hayo. Nililalamika peke yangu, wakanitoa ofisini. Halafu tukaungana wasichana tuliosoma pamoja, tukaishtaki ile kampuni iliyotaka wanaume tu. Ikatuomba radhi."

Mama, aliyekuwa ameketi kando yao, alisikia yote, bakuli la chakula mkononi. Hakula.

Kesho yake aliwakusanya wanawake wenzake wa bendera waliokuwa na leseni za mashine kama yeye, wakamwendea Ecodu. Abbo alisimama nyuma yao. Mama angeweza kufukuzwa kabisa.

"Tunaomba tupimwe kuendesha mashine kama wanaume," Mama alisema. "Mimi niko tayari sasa hivi."

Ecodu alimgeukia Injinia Lin, aliyekuwa amesimama karibu.

"Mpime," Lin alisema.

Mama akapanda. Greda ikanguruma mpaka Abbo akaisikia kifuani. Chuma kirefu kilishuka taratibu, udongo mwekundu ukamwagika pembeni, na nyuma yake barabara ikabaki tambarare. Mikono iliyomsuka Abbo nywele asubuhi ile ilikuwa ikiongoza kitu kikubwa kuliko nyumba yao.

Ecodu aliinama, akapitisha kiganja juu ya udongo.

"Mama Abbo, kazi yako ni nzuri," alisema mwishowe. "Jumatatu utaanza na greda. Wenzako nao watapimwa."

Njiani kurudi nyumbani, Abbo alisema, "Mama, sikujua kama unaweza."

"Hata mimi nilikuwa nimeanza kusahau," Mama alijibu. "Mwanangu, ukinyimwa kazi unayoiweza kwa sababu wewe ni msichana, usinyamaze. Na usiende kudai haki peke yako."