Jina la Mfalme Aliyezama

Jioni ile bibi alinituma kwa Sista Brijita nikaombe maji ya baraka.

Sista ni mzee kuliko bibi. Alikuja Kigongo kutoka Ireland akiwa msichana. Wenzake wote wamekufa au wamerudi kwao, yeye amebaki katika nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Tangu niishie kidato cha pili, huwa naenda kumsaidia kupika na kufua. Daraja lilipofunguliwa, magari hayakusimama tena kivukoni, na mama aliyekuwa akikaanga samaki pale akaenda Nyakato kutafuta kazi kiwandani. Nyumbani tukabaki bibi, dada yangu Sabina, mimi, na mtoto wa Sabina ambaye alikuwa hajapewa jina. Baba yake, Shigela, yuko visiwani anavua.

Mtoto huyo ndiye aliyenitoa nyumbani. Alikuwa analia tangu juzi usiku na hataki kunyonya. Zahanati walimpima, wakasema hana homa, mrudisheni mkamnyonyeshe. Sasa kilio chenyewe kilikuwa kimeanza kufifia. Hicho ndicho kilichomtisha bibi. Alisema mtoto hanyamazi, anaisha.

Sista alinijazia chupa, akaniwekea mkono kichwani, akaniambia nikimbie kabla giza halijashika.

Nilipokuwa natembea kando ya ziwa nilijaribu kusali, lakini hadithi ya Sista ilikuwa inanizunguka kichwani. Alikuwa ananisimulia kidogo kidogo wakati naosha vyombo, na juzi jioni ndipo alipoimaliza. Ilikuwa habari ya mfalme wa kwao wa zamani sana, Fergal. Alikuwa mrefu, alipigana kwa shoka, alivaa joho la sufu ya kondoo. Wavamizi walikuja kutoka kaskazini kwa mashua ndefu, wakichoma vijiji. Fergal aliwasubiri ufukweni wakati bahari imekupwa, akawapiga mchana kutwa. Jioni maji yakaanza kujaa. Watu wake wakamsihi arudi nchi kavu. Akakataa, kwa sababu mashua moja ilikuwa bado. Maji yakamfika magotini. Yakamfika kiunoni. Wao nao hawakuweza kumwacha mfalme wao peke yake. Bahari ikawachukua wote.

Nilimwuliza Sista kama wajukuu wa mfalme huyo wapo mpaka leo. Akasema pwani ya kwao hakuna mtu hata mmoja mwenye jina lile. Kisha akaniambia niangalie chungu, wali unaungua.

Nilikuwa nafikiria hayo niliposikia maji.

Chwa... chwa... chwa...

Mtu alikuwa anatembea ndani ya ziwa, sambamba na mimi. Nikasimama. Akapiga hatua moja zaidi, naye akasimama.

Upepo haukuwepo. Ziwa lilikuwa limelala kama sahani. Ila harufu ilinifikia, harufu ya sufu iliyolowa na chuma chenye kutu. Na kitu kingine nisichokijua, kikali puani.

Nikageuka.

Alikuwa amesimama kwenye maji mpaka kiunoni. Mrefu kuliko mwanamume yeyote ninayemjua. Sikuona uso, niliona mabega na kitu kizito kilichoning'inia mkononi. Sehemu ile maji ni ya vifundoni. Tunafulia pale.

"Shikamoo," nikasema. Yalikuwa mazoea tu, mdomo ulinitangulia.

Hakuitikia. Aliinua mkono polepole, akaonyesha juu ya mwamba, kwenye taa ya nyumba yetu.

Nilikimbia. Chupa ilinianguka njiani na sikurudi kuiokota.

Ndani nilimkuta bibi amempakata mtoto na Sabina amekaa mbele yake, blauzi wazi, macho yamevimba. Bibi hakuuliza maji ya baraka yako wapi. Alikuwa ameshaanza njia nyingine.

Kwetu mtoto akilia namna ile, wazee husema kuna marehemu anataka kurithiwa jina. Basi marehemu wa ukoo hutajwa mmoja mmoja, na kila jina likitajwa mtoto husogezwa kwenye titi. Akinyonya, huyo ndiye. Mtoto ataitwa hivyo mpaka kufa kwake, na wakubwa watamwamkia kama vile aliyekufa amerudi.

Bibi alimtaja babu yetu Lugodisha. Mtoto akageuza kichwa. Akamtaja Nkwabi, mganga aliyejua dawa za nyuki. Hapana. Akawataja wa upande wa Shigela wote aliowajua. Mwisho alipofika kwa baba mkwe wake mwenyewe alicheka kidogo, akasema, "Huyu hata kufa alichelewa, hawezi kusafiri giza hili." Sabina naye akatabasamu, mara ya kwanza tangu juzi. Lakini mtoto alikataa. Sasa hakuwa analia. Alikuwa anafungua mdomo na hakuna kinachotoka.

Nje, karibu kabisa na ukuta...

Chwa... chwa...

Kiwanja chetu ni mwamba mkavu.

Bibi akainua pua. "Nani amefuga kondoo hapa?"

Hatua zilikuja mpaka mlangoni, zikakoma. Hakupiga hodi. Chini ya mlango maji yakaanza kupenya, membamba, yakitafuta njia kwenye sakafu.

Bibi aliyatazama. Aliponong'ona, sauti yake haikuwa na utani tena.

"Aliyesimama hapo si wa kwetu. Wa kwetu nimewamaliza. Evelina, umetoka naye wapi?"

"Ziwani, bibi. Nilimwamkia tu."

"Unamjua?"

Nilishindwa kusema hapana.

"Jina lake unalo?"

"Ninalo."

"Basi sikiliza. Mgeni hapewi mtoto. Sijui kwao walimfanyia nini mpaka aje kuomba huku. Ukilitaja hapa, limekaa. Mimi sina dawa ya kulitoa."

Nilimtazama mtoto. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, kama ya mtu aliyekula zambarau. Vidole havikufumba tena. Sabina alinishika mkono, kucha zikaniingia.

"Mtaje," akasema. "Mdogo wangu, mtaje."

"Sabina..." nikasema.

"Kesho tutamlilia nani? Mtaje."

Nikainama sikioni kwa mtoto.

"Fergal."

Alinyonya.

Alinyonya kwa pupa mpaka maziwa yakamtoka puani. Sabina akaanza kulia na kucheka. Nje hatua zikageuka, zikateremka kuelekea ziwani bila haraka, kama mtu aliyepata alichokifuata.

Asubuhi maji yalikuwa yamekauka, na mahali pake palibaki ukoko mweupe. Bibi aliugusa kwa kidole akauonja.

Chumvi.

Ziwa letu halina chumvi. Tunalinywa. Sabina naye alisema akimbusu mtoto usoni anasikia chumvi, lakini alisema kwa furaha, maana mtoto alikuwa amelala na shavu lina joto. Bibi alipiga goti mbele yake kama desturi inavyotaka. "Shikamoo, Felegali," akasema, akilitamka jina kwa ulimi wetu. Mtoto akafumbua macho akamtazama. Bibi akasimama upesi, na siku nzima hakumbeba tena.

Mimi nilienda kwa Sista. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, hata ufagio sikushika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi kitandani.

Akaniambia watoto wa kwao husimuliwa vita tu. Sehemu ya nyuma husimuliwa na wanawake, mlango ukiwa umefungwa. Kabla ya vita vile, Fergal alikuwa na watu wachache mno. Kwa hiyo alipita nyumba kwa nyumba, jioni, na kila mtoto wa kiume akamwekea mkono kichwani na kumpa jina lake mwenyewe. Aliyepewa jina la mfalme ni mtu wa mfalme, akiitwa lazima aende. Wakubwa walikwenda. Wadogo, hata waliojua kutembea tu, wakawafuata baba zao mpaka majini. Usiku ule akina mama waliokuwa bado na watoto wachanga walifuta jina lile midomoni mwao, pwani ile nzima. Hakuna aliyelitumia tena.

"Halafu mimi nimelileta huku," Sista akasema, akitazama mikono yake. "Nilidhani ni mbali mno."

"Sasa tufanye nini, Sista?"

"Ni mtoto mmoja tu?"

"Mmoja."

"Mfalme mwenye mtu mmoja hana jeshi. Asipate wa pili. Umenielewa, mwanangu? Jina hilo lisitoke nyumbani kwenu."

Nilirudi nikawaambia. Bibi aliapa. Sabina naye aliapa, akiwa amemkumbatia mtoto wake, na tukakubaliana mbele za watu tutamwita Paulo.

Jua lilipozama siku ile, mtoto wetu aliacha kunyonya ghafla. Hakulia. Alielekeza uso mlangoni, akatulia, mtu mzima kabisa, kama anayesikiliza akisomewa amri.

Kilio kikaanza nyumba ya pili, kwa Selina, ambaye alijifungua wiki moja na Sabina. Tulikisikia usiku huo wote. Tulikisikia kesho yake. Bibi alienda kumsaidia kutaja marehemu wao, akarudi, akajifunga kanga kichwani asisikie. Siku iliyofuata kilio kilikuwa kimepungua, na kila mmoja wetu alijua maana yake, lakini hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jioni Selina alisukuma mlango bila hodi. Alikuwa peku. Mtoto alikuwa mikononi mwake, kichwa kimelegea, midomo ina ile rangi.

"Bibi, shikamoo," akasema, na hakusubiri kuitikiwa. "Wa kwenu alipona. Wanasema mlitaja jina akanyonya. Mlimtaja nani?"

Bibi akainamisha uso. Mimi nilisema tulimwita Paulo, jina la kanisani tu, ampeleke hospitali Mwanza sasa hivi, nitamtafutia pikipiki. Niliongea haraka. Nilisikia sauti yangu ikidanganya.

Selina hakunitazama. Alikuwa anamtazama Sabina.

"Wewe ni mama," akasema.

Nyuma yake, kwenye mwamba mkavu...

Chwa... chwa...

Harufu ya sufu iliyolowa ikaingia. Nilimrukia dada yangu nimzibe mdomo. Niliugusa, nakumbuka joto la midomo yake kwenye kiganja changu, nayo ilikuwa inatembea tayari.

Mtoto wa Selina akalishika titi.

Selina alikaa chini palepale akaanza kumshukuru Mungu. Mtoto wa Sabina aligeuka begani kwa mama yake, akamtazama mwenzake kwa muda, akatabasamu.

Hatua ziliteremka kuelekea ziwani. Safari hii hazikuondoka. Zilisimama kwenye nyumba ya chini, kwa kina Masalu, wenye mapacha.



Kisha mmoja akaanza kulia, na wa pili akamfuata.