Kapu la Dirishani

Kila asubuhi, kabla hata mpiga kengele wa shule hajaamka, cherehani ya Mama Fundi ilikuwa imeshaanza kulalamika. Alishonea nyumbani, ghorofa ya pili, kando ya dirisha linalotazama barabara. Hapo ndipo alipokunywa chai, ndipo alipokula, ndipo alipogombana na wateja. Ukimtafuta, huna haja ya kuuliza yuko wapi. Tazama kwenye kiti.

Binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, alimpenda mno mama yake, na balaa lilianzia hapo hapo.

Mtoto huyu alikuwa na kipaji cha kubuni vitu. Alipomsikia mama akiguna, "Aah, mgongo wangu!" kila anapoinuka kufuata mkasi, aliufunga mkasi kwa lastiki na kuuning'iniza juu ya cherehani. Alipigilia misumari ukutani, akapanga nyuzi za kila rangi mahali mkono unapofika. Pasi aliiweka upande wa kulia, jagi la maji upande wa kushoto. Kisha akabuni kubwa kuliko yote: kapu lenye kamba. Mteja akifika chini anapiga mluzi, kapu linashuka, kitambaa kinapanda. Nguo ikiisha, inashuka vilevile. Mama akasahau ngazi zina rangi gani, na majirani wakambandika mtoto jina: Injinia.

"Mwanangu amenifanya malkia," alijisifu Mama Fundi, akivuta kamba kwa mkono mmoja.

"Malkia hukaa kitini, sikatai," alijibu Fundi Viatu, mzee aliyefanyia kazi chini, penye mlango wa ngazi. "Lakini hata yeye husimama wimbo wa taifa ukipigwa!"

Cha ajabu, kadiri mama alivyokaa ndivyo alivyochoka. Asubuhi kachoka, mchana kachoka, jioni utadhani ameshinda akipakua mawe. Zamani, cherehani ilipokuwa ya kukanyaga, angalau miguu ilifanya kazi. Tangu ifungwe mota, mguu mmoja ulibonyeza na wa pili ukalala. Injinia naye akitoka shule aliketi sakafuni karibu na mama, akashona vifungo huku macho yakiwa kwenye televisheni, mpaka usingizi umchukue. Nyumba nzima ilikuwa ikipiga miayo.

Siku moja mama alitaka kuvaa ndala zake, ndala zikamkataa. Injinia akaubonyeza mguu kwa kidole. Kidole kikaacha shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Akacheka. Akabonyeza tena. Akaacha kucheka.

"Mama, mbona hapajai?"

"Patajaa tu. Hebu nishike mkono nisimame."

Mama akajaribu kuinuka. Magoti yakagoma, akarudi kitini puu, na gauni la mteja likiwa begani.

Kesho yake walikwenda kituo cha afya. Kushuka ngazi tu kulikuwa safari. Mama aliegemea ukuta, akapumzika, akashuka kidogo, akapumzika tena.

"Loo! Kumbe una miguu!" Fundi Viatu alishangilia walipofika chini. "Mimi nilidhani kule juu wanaishi kichwa na mikono."

"Nyamaza, mzee wangu. Sina pumzi ya kukujibu."

"Basi nakudai jibu."

Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimpima presha, akamtuma kupimwa damu na mkojo, akasikiliza moyo. Majibu yalipotoka, alivuta kiti akaketi mbele yao.

"Moyo mzima, figo nzima. Sasa niambie, dada yangu. Ukitaka maji, nani anakuletea?"

"Huyu hapa."

"Uzi?"

"Uko ukutani, naufikia. Kautengeneza huyu."

"Na wateja?"

"Wanapanda kwa kapu. Yaani vitambaa vyao. Kabuni huyu."

"Chooni je, nani anakwenda?"

"Huko naenda mwenyewe," mama alisema kwa uchovu. "Bado hajabuni kitu."

Muuguzi alicheka mpaka miwani ikamteleza. Halafu akaacha. "Sikiliza. Damu inashuka miguuni, na ili ipande inahitaji misuli inayotembea. Wewe misuli umeipa likizo. Ukimaliza mshono mrefu, inuka. Zunguka. Shuka ngazi, upande. Usipofanya hivyo, nitakuona tena hapa, na siku hiyo tutazungumza habari ya kuacha cherehani."

Kazi nyingine mama hakuijua. Ada ya shule na chakula vilitoka kwenye sindano ile. Injinia alitazama sakafu. Kila kitu alichokitengeneza kwa upendo kilikuwa kimesimama mbele yake kama mashtaka.

Walipofika nyumbani alianza kubomoa. Aliufungua mkasi akautundika karibu na mlango. Nyuzi alizihamishia chumba cha pili. Jagi likarudi jikoni, kapu likafunguliwa kamba.

"Unanitesa, mwanangu," mama alilalamika. "Nimechoka mie."

"Muuguzi kasema."

"Muuguzi hashoni."

Vita ikaanza. Mama alikuwa mtu mzima, lakini kwa ujanja hakuzidiwa na mtoto yeyote. Mkasi ukiwa mbali, alikata uzi kwa meno. Nyuzi zilipohamishwa, alificha za akiba chini ya mto wa kiti. Injinia akiwa shuleni, aliwaita watoto wa jirani wasioanza shule bado wampelekee nguo chini, akawalipa kwa peremende. Na Injinia akirudi na kuuliza, "Leo umetembea, mama?" jibu lilikuwa tayari: "Sana! Mpaka nimechoka!" Miguu ilibaki imevimba, haikujua kudanganya.

Mtoto naye hatimaye akachoka. Kumsukuma mtu mzima ni kazi nzito kuliko kubeba maji. Jumamosi moja hakumhimiza mama hata mara moja. Alijilaza mbele ya televisheni tangu asubuhi, hakuoga, hakutoka hata mlangoni. Jua lilipoanza kupungua makali, mama akasema bila kugeuka:

"Injinia, niletee maji."

"Siwezi, mama. Miguu imechoka."

"Imechoka na nini? Umelala kutwa."

"Sijui. Imechoka tu. Aah, mgongo wangu!"

Cherehani ikanyamaza. Mama aligeuka akamtazama mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeguna kama ajuza. Sauti ile aliijua vizuri. Ilikuwa yake mwenyewe.

Hakufoka. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akasukuma. Magoti yalilia. Injinia aliruka kumsaidia.

"Kaa mbali," mama alisema. "Ukinishika nitakaa tena, najijua."

Alitembea mpaka jikoni akishika ukuta, akajaza bilauri mbili, akarudi na moja kila mkono, maji yakimwagika njia nzima.

"Kunywa. Kisha vaa viatu. Kuna gauni la kupeleka chini, na wewe unakwenda na mimi."

"Mimi pia?"

"Wewe hasa. Mguu wangu umeshazeeka, wako haujaanza hata kazi."

Tangu siku ile kila nguo iliyokamilika waliishusha kwa miguu yao, na vipimo vilichukuliwa chini, mlangoni. Usidhani ilikuwa raha. Mama alinung'unika kwenda, akanung'unika kurudi. Kuna siku alikaa katikati ya ngazi akaapa kwamba hapo ndipo atakapoishi. Injinia akakaa naye, mpaka wote wawili wakachoka kukaa, wakainuka. Televisheni ilizimwa mpaka vifungo viishe, na vifungo vilishonwa kwa zamu ya kusimama na kukaa. Uchovu haukuondoka. Ulibadilika tu, ukawa ule unaoleta usingizi mzuri.

Waliporudi kituo cha afya, muuguzi aliubonyeza mguu. Palizama kidogo, pakajaa.

"Cherehani utaendelea nayo," alisema. Kisha akamgeukia Injinia. "Ulimpenda mama yako, hilo halina kosa. Ila kumsaidia mgonjwa asiyeweza ni jambo moja, na kumfanyia kila kitu anayeweza ni jingine. Mwili usiotumika huchoka kuliko unaotumika. Ukitaka kumsaidia, mpe mkono wa kuinukia. Na wewe mwenyewe ucheze, ukimbie, usisubiri miguu yako ivimbe ndipo uikumbuke."

"Nimesikia, shangazi."

Nje jua lilikuwa kali. Dereva wa pikipiki akawapungia mkono, akitafuta abiria. Mama akaitazama pikipiki kwa hamu, akamtazama Injinia, akavuta pumzi ndefu.

"Usinikodolee macho hivyo. Nilikuwa namsalimia tu," alisema. "Haya, twende. Lakini polepole, mwanangu. Nimepona, sijawa mwanariadha."