Mapovu ya Batuli

"Baba, toa mkono. Ukiziba hapo unamuua mtoto."

Sista Flavia alinishika kiganja. Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, nami nilikuwa fundi baiskeli wa Mtendeni. Kwetu, tyubu ikitoa mapovu majini imetoboka. Sasa naona mpira umetoka puani kwa binti yangu Batuli, ncha yake imezama kwenye chupa ya maji, mapovu yanatoka. Nikataka kuuziba.

"Nimonia imemchosha," akasema. "Oksijeni inaingia puani, na maji yanaizuia isitoke yote, ili mapafu yasinywee. Mapovu yakikoma, niite. Maelezo yako ukutani, soma."

Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mke wangu Mwanne, aliyerudi kwao Goweko tulipogombana, na sasa amemleta mtoto hospitali mwenyewe ndipo akaniita, hakuinua macho.

"Asome? Barua yangu aliisoma?"

"Mama Batuli..."

"Niliituma kwa treni. Niliandika: Mtoto anakohoa, njoo utuchukue. Siku kumi na moja nimekungoja."

Nikaitoa mfukoni. Ilikuwa bado imefungwa.

"Hata kuifungua?"

"Ningeifungua nimpe nani? Sijui kusoma."

"Na gazeti unalolifunua barazani kila Ijumaa?"

"Natazama picha."

Akanipokonya barua.

"Miaka mitano naishi na mtazama picha. Nami nikadhani umepata mwingine."

"Ningekuambia ungenicheka."

"Ningecheka, kisha ningekusomea."

Hapo mapovu yakakoma. Mbavu za Batuli zikazama kila alipovuta pumzi.

"Mwite Sista."

Mwanne akakimbia. Nikapitisha shavu kando ya mpira, kama nifanyavyo kwa tyubu. Penye kiungo, hewa baridi ikanigusa. Nikapabana kwa vidole. Povu moja, la pili, kisha yakafululiza.

Sista alinikuta hivyo hivyo.

"Usiachie," akasema, akizungushia plasta. "Kumbe kazi zetu ni ndugu."

Siku ya nne Batuli alipumua bila mpira, akadai uji. Mwanne akanirudishia barua.

"Narudi Mtendeni kwa sharti. Jioni utakwenda darasa la watu wazima, na hii utaifungua siku utakayoweza kuisoma mwenyewe."

Ilinichukua miezi saba. Yale ya kikohozi niliyajua. Mstari wa mwisho hakuwa amenitajia: *Nami nimekukumbuka, ila hili usilisome kwa sauti.*

Nililisoma kwa sauti, naye yuko jikoni.

"Nimesikia," akasema. "Rudia, umeruka neno."