Kinu cha Mama Pétronille

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, mwanzo hadi mwisho. Wako watu hapa mtaani Kimanga watakaokuambia kwamba siku zile nilikuwa nimejificha ndani ya pipa la mawese la jirani. Ni kweli. Lakini pipa lilikuwa tupu, lilikuwa na tundu, na tundu lilitazama sawasawa ua wa Honorine.

Ulikuwa mwaka wa sitini na nne. Waasi walikuwa wameingia Uvira, nusu ya mtaa imekimbilia milimani, nusu imevuka ziwa kwenda Bujumbura, na Mama Pétronille akachagua wiki hiyo hiyo kufa. Ndiye mama yake Honorine, mwanamke ambaye chungu chake hakuna aliyewahi kukiona mwisho. Mvuvi akipita, anakula. Mfungwa akipita na askari wake, wanakula wote wawili. Watu walimlilia siku mbili wakimtaja kwa hicho chungu chake. Siku ya tatu risasi zikalia upande wa bandari, waombolezaji wakatawanyika, na kaka mkubwa wa Honorine, Evariste, ambaye ndiye pekee wa kutamka neno la kumaliza matanga, akapanda mtumbwi akaenda zake.

Matanga yakabaki wazi. Na katika ukoo ule, matanga yakiwa wazi, kinu cha marehemu hulazwa mdomo chini, wala hakuna anayetwanga ndani ya ua. Majirani ndio huleta chakula kilichokwisha kutwangwa. Sasa majirani wako wapi? Florentine, mtoto wa Honorine, miaka mitatu, alilia njaa siku nzima na nusu. Honorine akachuma majani ya muhogo, akakisimamisha kinu cha mama yake, akatwanga sombe. Alijiambia kwamba Mama asingemnyima mjukuu.

Kesho yake adhuhuri, akiwa anafua, akasikia kinu kinatwanga. Alikijua kile kishindo: mapigo mawili mazito, kupumzika, mawili ya haraka. Hakuna mwingine Uvira nzima aliyetwanga hivyo. Alipozunguka nyumba akakuta kinu kiko peke yake, mchi umeegemea ukuta, na harufu ya tumbako ya mama yake imesimama pale pale kama mtu anayengoja kusalimiwa.

Hakuogopa. Hilo ndilo lililomponza mara ya pili. Aliketi karibu na kinu, akalia kwa raha, akasalimia.

Baada ya siku mbili Florentine akakataa uji. Siku iliyofuata akakataa ndagala, dagaa wa ziwa. Midomo yake ilikuwa ya kijani, na humo nyumbani hakukuwa tena na jani la sombe.

Honorine akamuuliza kwa sauti ya chini, "Nani iko anakulisha?"

"Koko," mtoto akasema. Ndivyo alivyomwita bibi yake.

Alikuwa analishwa, na alikuwa anakonda. Kila adhuhuri kinu kilipoanza, mtoto alitoka nje mdomo wazi, na Honorine akamkamata, akamfunga mgongoni kwa kitenge, akafunga mlango, akasukuma kitanda mlangoni, na bado kishindo kikapita chini ya sakafu, kikampanda miguuni, kikamgonga mgongoni pale kifua cha mtoto kilipolalia, mpaka asijue tena kama anasikia kinu au moyo wa Florentine, na alipomteremsha akakuta taya linatafuna, linatafuna bila kitu, na tumbo limekuwa gumu kama ngoma chini ya mbavu zilizotoka zote nje.

Mzee Basile alikuwa mufumu, mganga wa Bijombo kule milimani. Alishuka kutafuta chumvi, vita vikamfungia njia ya kurudi. Honorine alimpigia magoti barabarani. Mzee akaja, akanusa kinu, akatia kidole katika majivu ya moto wa matanga.

"Huyu si mama yako," akasema. "Ni jini la ziwa. Limevaa sifa mulizomulilia. Halijui jambo lolote mulilonyamazia. Basi uliambie lile ambalo hakuna aliyelilia."

"Mama hakukuwa na ubaya."

"Mutoto iko anakufa. Tafuta."

Hakuhitaji kutafuta. Alikuwa nalo tangu utoto, hakuwahi kumwambia mume wala padri.

Adhuhuri mchi ukainuka wenyewe. Nilikuwa kwenye tundu, sikupepesa. Honorine akasogea mbele ya kinu, mtoto amelegea mgongoni, akasema polepole kama anayeungama:

"Mama, mwaka wa njaa, minye nilikuona. Nyuma ya nyumba. Weye ulikuwa unakula ndagala peke yako, umetupatia mugongo. Rémy mudogo wangu iko analia ndani, unamusikia. Ukamaliza, ukapanguza kinywa, ukaingia, ukatuambia hakuna kitu. Rémy hakufika Jumapili."

Mchi ukasimama hewani. Kisha kutoka ndani ya kinu ikaja sauti ya chini, iliyochoka, sauti ileile ya mama yake:

"Minye pia nilikuwa na njaa, mwanangu."

Mchi ukaanguka. Kinu kikapasuka toka mdomoni hadi kitako, na harufu ya tumbako ikaondoka uani. Florentine akatapika majani mabichi, akaomba uji. Honorine alimlisha kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kile kinu kilichopasuka, na alimwita mama yake mpaka jua likazama nyuma ya milima.

Yote haya ni kweli, hata pipa. Jambo moja tu nimelitia mwenyewe, na leo nalitoa. Mzee Basile hakusema kwamba ni jini. Honorine alimuuliza mara tatu kama yule ni mama yake, na mara tatu mzee akatazama majivu, akasema tu mtoto anakufa, na alitamke lile ambalo hakuna aliyelilia. Ni Honorine mwenyewe, mvi zilipomwanza, aliyeniomba niisimulie hivi. Na kila nikifika pale hunishika mkono, huniuliza Basile alisema nini, nami namwambia: ni jini la ziwa.