Pangaboi la Meno Matatu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tano, Mbukusu kutoka Bungoma, dereva wa familia moja hapa Riyadh. Shule niliiacha darasa la saba, mimi na hesabu tulikosana mapema. Sikujua hesabu itanifuata mpaka Arabuni kunilipiza kisasi!

Baba yangu alifariki... Mimi ndiye kifungua mimba, na kwetu kifungua mimba ndiye hutupa udongo wa kwanza. Mazishi yalikuwa yameahirishwa mara moja kwa sababu yangu. Sasa ilikuwa yafanyike Jumamosi, nije nisije.

Kafili wangu, bosi aliyenileta huku, si mtu mbaya. Alinipa ruhusa na tiketi ya Ijumaa jioni kutoka Jeddah, maana wikendi hiyo nilikuwa niipeleke familia yake huko. Ana boti ndogo pale Ruwais, pwani ya Jeddah. Akasema asubuhi twende baharini mimi na yeye, jioni halas, tumemaliza, uwanja wa ndege. Ila ninunue kwanza pangaboi la spea, lile linalozunguka majini kusukuma boti, maana lile la kwenye mashine lilikuwa limepigwa na mwamba na linatetemeka.

Nikaenda dukani hapa Riyadh. Muuzaji, Mbangladeshi mmoja, akaniwekea matatu mezani, yamefanana kama mapacha! Akauliza mashine ni ya nguvu gani. Hiyo nilijua. Akauliza, shimo la katikati lina meno mangapi?

Nikampigia Simiyu, Mkenya mwenzangu anayelinda boti kule Jeddah.

“Simiyu, hebu angalia pangaboi. Lina meno mangapi?”

“Meno? Matatu. Na moja lina pengo kama wewe!”

Tukacheka sana... Jamani, nilicheka! Simiyu alikuwa amehesabu yale mapanga ya nje, na mimi mjinga mwenzake sikumuuliza mara ya pili.

Nikamwambia muuzaji matatu. Akanitazama kama mtu aliyeagiza chai ya samaki. “Mafi talata!” Hakuna ya matatu. Akanisihi nilete lile la zamani walinganishe. La zamani liko Jeddah, nitalileta na nini? Ningesubiri nikanunue kulekule, boti ikiwa mbele ya macho yangu. Kwa nini sikusubiri? Niliogopa kafili akiona sijamaliza kazi atabadilisha nia. Nikachukua lililong'aa kuliko mengine. Nilichagua pangaboi kama mtu anayechagua mke kwenye harusi ya wenyewe!

Ijumaa tukaingia baharini. Begi langu na pasipoti viko ndani ya gari, suti ya mazishi imepigwa pasi. Mchana tukiwa tunarudi, kah! Mwamba tena. Mapanga yote yakakatika, kikabaki kitovu cha katikati tu, kama kikombe.

“Yalla Wekesa, spea!”

Nikafungua nati, nikavuta la zamani, nikasukuma jipya. Likakataa. Nikalizungusha, likakataa. Nikaligonga na kiatu... likakataa! Meno ya shimo hayakukubaliana na meno ya chuma cha mashine.

“Wekesa, hii ni ya boti yetu kweli?”

“Bosi, ni ndugu yake.”

“Basi ndugu yake amekataa kuingia nyumbani.”

Hilo neno lilinichoma, ingawa yeye hakujua.

Akapiga simu bandarini, wakasema boti ya kutuvuta inakuja. Inakuja... Inakuja... Nilipiga makasia kwa mikono, nikapiga kwa kifuniko cha boksi la barafu, maji yakanicheka. Jeddah naiona! Majengo nayaona! Nililia mbele ya bosi wangu kama mtoto, naye akanishika bega.

Jua likazama. Ndege zikaanza kupaa kutoka mjini, moja baada ya nyingine, zinapita juu yetu na taa zake. Kafili akatazama saa, kisha akatazama juu. Nami nikajua ni ile... Mnajua kupungia mkono ndege yenye kiti chako kitupu?

Mdogo wangu ndiye aliyetupa udongo. Walinisubiri mpaka wageni wakaanza kuondoka.

Nilifika nyumbani miezi baadaye. Lile pangaboi jipya nilikuwa nimelibeba, kafili hakulitaka tena. Mama akalipakata, akaligeuza. “Wekesa, hiki ndicho kilikuzuia kumzika baba yako?” Nikasema ndiyo, mama. Akaingiza kidole shimoni, akapapasa polepole, midomo inahesabu. “Kumi na matatu,” akasema. Mama yangu hajui hata kusoma. Mimi sikuwa nimeyahesabu hata siku moja.

Ndugu zangu mlio huku, nawaomba. Ukitumwa kitu, usikimbilie kumfurahisha mtu, na usichague kwa macho ya mwenzako aliye mbali. Beba cha zamani, kiweke kando ya kipya, tia kidole, hesabu mwenyewe. Nichekeni tu, nimezoea. Lakini mkimaliza kucheka... hesabuni!